UZI: Unafundisha skuli bila namba ya TSC (tume ya walimu ya Kenya) na wataka kusomea ualimu bila kuacha darasa? Wa Lamu, Malindi na visiwani njooni tuongee

MwalimuWaKisiwani

Asalaam aleikum na habari zenu nyote. Kila likizo ikikaribia napigiwa simu na vijana wa Amu (mji wa Lamu), Faza, Kizingitini mpaka Witu na swali ni lile lile, mwalimu mimi nafundisha hapa tangu nimalize fom foo, cheti sina, nifanyeje nisome na kazi nisiiache. Nimeona bora niandike yote pahali pamoja, anaekuja nyuma asome, na wenye kujua zaidi yangu waongezee.

Mimi ni mwanamke wa kisiwa cha Pate. Nilipata C+ kwenye KCSE, mtihani wa fom foo, lakini karo ya kwenda kukaa chuoni nyumbani haikuwepo, nasari ya kijijini ikawa inataka mtu nikaingia. Nikasoma kosi ya DICECE, ile ya walimu wa chekechea iliyokuwa inafanywa Aprili, Agosti na Disemba wakati watoto wako nyumbani, halafu nikaendelea na digirii ya ualimu kwa mtindo huo huo wa likizo, Kiswahili na Dini ya Kiislamu. Namba ya TSC ninayo na bado niko kisiwani. Kwaiyo nayosema hapa nimeyapita.

Msimamo wangu nautoa mwanzo kabisa: kama daraja lako la KCSE linakuruhusu kusoma kwa likizo, usiache darasa. Darasa ndio nusu ya kosi. Mwenzako anaekaa chuoni anasubiri TP, yale mazoezi ya kufundisha, ndio aone watoto, wewe unao kila siku.

Lakini kwanza sheria, manake wengi wanaipuuza. Sheria ya TSC ya mwaka 2012 inasema mtu asifundishe mpaka awe amesajiliwa, na Katiba ya 2010 kifungu cha 237 ndio imeipa TSC kazi ya kusajili walimu waliosomea. Yaani wewe uliyeajiriwa na bodi ya skuli (BOM) bila usajili unasaidia jamii kweli na wazazi wanakulipa kwa jasho lao, ila kisheria huna pa kusimama na hedi wako, mwalimu mkuu, pia hana. Afisa akija skuli siku moja akauliza namba zenu, wa kwanza kuambiwa nenda nyumbani ni wewe. Sisemi haya kuwatisha, nasema ili usikae hivyo miaka ukidhani uzoefu utahesabiwa kama cheti. Hauhesabiwi. Ikiwa ndio unaanza, omba uwekwe msaidizi chini ya mwalimu aliyesajiliwa, awe ndie mwenye darasa kwenye karatasi, na wewe uanze kusoma mara moja.

Sasa milango. Chukua cheti chako cha KCSE ukiweke mezani kabla hujaongea na chuo chochote.

Ukiwa na C+ na una C+ katika masomo mawili unayotaka kufundisha, unaweza kuingia digirii ya ualimu na vyuo vikuu kadhaa vina programu za likizo, Kenyatta na Mount Kenya ni kati ya vilivyojulikana kwa hilo miaka mingi, na Pwani pale Kilifi ndio chuo kikuu cha karibu yetu kwaiyo anza kuulizia hapo kama wana kikao cha likizo cha masomo yako. Yale masomo mawili ndio yanaliza watu. Mtu ana C+ ya jumla lakini somo moja ana C, anaingia anasoma mpaka mwisho anavaa joho, akifika TSC anaambiwa hufundishi sekondari. Angalia kabla hujalipa hata shilingi.

Ukiwa na C ya jumla na wataka praimari, kosi ni ile diploma mpya ya miaka 3, DPTE, iliyoanza 2021 ikachukua nafasi ya P1, cheti cha zamani cha ualimu wa praimari, kwa sababu ya CBC, mtaala mpya wa umilisi. Hii kwa vyuo vya serikali kama Shanzu au Kwale ni ya kukaa chuoni. Hapo sikudanganyi, darasa itabidi uliache kwa muda. Akikuambia mtu kuna chuo kinatoa hio hio kwa wikendi au kwa simu tu, uliza KNEC, baraza la mitihani, kama wanakitambua kuwa kituo chao cha mtihani, usimuulize yule anaekuuzia fomu.

Ukiwa na P1 tayari na uko darasani, kuna kosi ya kupanda hadi diploma, wengi wetu wameipitia.

Ukiwa na digirii ya kitu kingine, sema biashara au sayansi, kuna PGDE, diploma ya ualimu ya wenye digirii tayari. Na nasari, kumbuka tangu ugatuzi chekechea iko chini ya kaunti, wao ndio huajiri, ila usajili ni TSC vile vile.

Naweka hapa nyama yenyewe baadae, kuna jambo la darasani nataka kulieleza vizuri.

KijanaWaShela

Shukran sana mwalimu. Mimi niko hapa Amu nafundisha BOM hesabu na fizikia, nina B- na masomo yote mawili niko juu ya C+. Pesa ninayopata ni kidogo sana na saa zingine terme inaisha hatujalipwa manake wazazi hawajatoa. Ndugu zangu wanasema niache niende chuo moja kwa moja miaka 4 nimalize haraka, kuliko kuvuta likizo likizo. Wewe unaonaje

MwalimuWaKisiwani

Kaka, kwa darasa lako la hesabu na fizikia nakuambia wazi, kama umepata nafasi kupitia KUCCPS, wale wanaogawa nafasi za vyuo, na una mtu wa kukubeba, nenda. Sitaki nionekane namkataza mtu chuo. Ila kama hakuna wa kukubeba usikae nyumbani ukisubiri basari, anza likizo. Basari ya NG-CDF (mfuko wa eneobunge) na ya kaunti omba zote mbili hata ukiwa wa likizo, wengi hawaombi wakidhani ni za wale wanaokaa chuoni peke yao, peleka barua ya chuo na muundo wa karo ukae kwenye foleni na wenzako.

Sasa ile nyama. Wengi wanadhani kusoma ukifanya kazi ni kuvumilia tu mpaka upate cheti. Mimi faida kubwa niliipata darasani kwangu. Tulifundishwa kikao kimoja jinsi mtoto anavyojifunza kusoma. Nikirudi skuli nikawa na watoto wanaimba ba be bi bo bu ubaoni sauti moja, nyumba ya jirani inasikia, mtu akipita atasema mashaallah hawa wanasoma. Nikafanya vile mhadhiri alivyotuonyesha, nikakata kadi nikachanganya zile silabi, nikamwita mmoja mmoja. Zaidi ya nusu hawakuweza. Walikuwa wamehifadhi mpangilio. Na watoto wetu kuhifadhi ni hodari kwa sababu ya madrasa, Alhamdulillahi ni neema, lakini kuhifadhi wimbo wa ubaoni hakumfanyi mtoto asome gazeti. Terme yote nilishinda na kadi na mchanga, mtoto anaandika kwa kidole, anaambiwa bu iko wapi, anaitafuta. Kikao kilichofuata nikaenda na maswali ya kweli, nikamwambia mhadhiri hii imefanya kazi na hii haikufanya, kwa nini. Wenzangu waliotoka moja kwa moja nyumbani hawakuwa na cha kuuliza. Hapo ndipo nilipojua hii njia sio ya masikini, ni njia nzuri kwa haki yake.

Na hii sio kitu kigeni Pwani. Mombasa tangu miaka ya 1980 kuna mpango wa chekechea za madrasa chini ya Aga Khan Foundation, Bi Swafiya Said akiwa mmoja wa walioanzisha kazi ile, walichukua kina mama wa mtaa wenyewe wakawafundisha ualimu wakiwa kazini, mkufunzi anamfuata mwalimu darasani kwake. Ukaenda mpaka Zanzibar na Uganda. Kwaiyo mtu akikuambia mwalimu wa kusomea kazini ni nusu mwalimu, mwambie aende akawaulize watoto waliopita mikononi mwa wale kina mama.

BintiMalindi

Mimi niko Malindi, skuli ya praiveti, nina digirii lakini sio ya ualimu. Mwenye skuli kasema mwakani hataki mtu asiye na TSC. PGDE naweza fanya nikiwa kazini? na Kilifi kwetu si mbali

MwalimuWaKisiwani

Dadangu wewe uko pazuri kuliko sisi, Malindi mpaka Kilifi ni kilomita 60 hivi, unapanda matatu asubuhi unafika. PGDE kwa kawaida ni ya mwaka mmoja wa masomo, na ukipata ya likizo au wikendi itarefuka kidogo. Mambo mawili uyaangalie. La kwanza ni KCSE yako bado inaulizwa, C+ na C+ kwa masomo mawili, digirii haiifuti. La pili toa transkripti zako uhesabu kama una yuniti za kutosha za masomo mawili yanayofundishwa skuli zetu. Mtu wa biashara mara nyingi anakuwa na somo moja lililojaa na la pili halimo. Peleka transkripti chuoni waiangalie kabla ya kulipa, wakuandikie kwamba masomo yako ni haya na haya. Barua, sio maneno ya dirishani.

HediMstaafu_Witu

Nimekuwa mwalimu mkuu miaka mingi bara ya Lamu, nataka niongee na wakuu wenzangu humu. Hawa vijana tunawatumia sana. Tunawapa masomo mengi kuliko wa TSC, tunawapa zamu, michezo, kisha akija kuomba ruhusa aende kikao siku 2 kabla terme ifungwe tunamwambia haiwezekani nani atasahihisha mitihani. Jamani. Kikao kikianza Jumatatu Kilifi au Nairobi, mtoto wa Kiwayu lazima aondoke kwake Ijumaa. Panga mitihani yake ifanywe mapema, mpe mwalimu mmoja mzoefu wa kumshika mkono, mwache aingie darasa la yule mwalimu mara moja kwa wiki akae nyuma aangalie. Haigharimu skuli chochote. Mimi niliowafanyia hivyo wengi wao hawakuhama, na walioletwa kutoka mbali wengi walikuwa wakifika tu wanaomba uhamisho.

MwalimuWaKisiwani

Mwalimu wangu Mungu akuweke, hilo la mwisho ndilo linalonifanya niandike uzi huu. Tangu mashambulizi ya kigaidi ya 2014 hapa Lamu walimu wa kutoka mbali wengi waliogopa upande huu na siwalaumu. Skuli za wadi ya Basuba, Kiangwe, Mangai, Mararani, Milimani na Basuba yenyewe, zilikaa zimefungwa muda mrefu, watoto wa jamii ya Boni wakawa nyumbani. Serikali ikituma mwalimu wa mbali akikaa terme moja akaondoka, mtoto ndie anaeumia. Yule kijana wa Mangai au wa Ndau aliyesoma akapata namba yake, huyo haendi popote, mamake yuko pale. Kwaiyo kila mmoja wetu anaepata cheti akiwa darasani ni darasa moja kisiwani ambalo halitabaki bila mtu.

Naongezea la safari manake wa mbali hawalijui. Vikao vitatu, na kila kimoja na bahari yake. Aprili ni mvua, zamani barabara ya Garsen-Witu ilikuwa inatulaza Gamba kabla haijawekwa lami, sasa afadhali sana. Agosti ni kusi, upepo mkali na bahari chafu, mtu wa Kizingitini asitegemee boti ya siku ile ile, toka mapema na ulale Amu kwa jamaa. Disemba ndio raha. Na kwa sisi wa Pate kuna Mkanda, ile njia nyembamba ya boti, maji yakiwa yamekupwa boti haipiti mnasubiri mpaka yajae, kwaiyo angalia bamvua na maji mafu (siku za maji makubwa na za maji madogo) kabla ya kukata tikiti ya basi Mokowe. Likizo za Aprili na Agosti ni fupi, wiki 3 hivi, ukikosa siku mbili za mwanzo umekosa yuniti nzima.

Asaimenti nilikuwa nazifanya baada ya Isha, nazipakua zote nikiwa Amu penye intaneti nzuri, naziandika nikirudi kijijini bila bando. Kina mama wenye watoto wadogo mjue wazi, bila mtu wa kukaa na mtoto ile wiki 3 haiendi, ongeeni na mama zenu na waume zenu kabla ya kujaza fomu. Mimi mamangu ndie aliyenibebea hilo na pepo yake naiombea.

Bajuni_Mkweli

Nauliza kwa nia nzuri. Kazi ziko wapi? Kuna watu wana namba za TSC wako nyumbani miaka. Mtu ataingia deni la karo halafu asubiri

MwalimuWaKisiwani

Swali la haki. Kungojea kupo, sikatai. Lakini angalia mambo matatu. TSC ikipanga watu wakati wa kuajiri, mwaka uliohitimu una alama zake, aliyehitimu zamani anapata zaidi. Ukichelewa kuanza umejisogeza nyuma kwenye foleni hio hio. Pili, JSS, sekondari ya chini, ilipoanza 2023 walimu walichukuliwa kwa maelfu kama intani kwa shilingi 20,000 kwa mwezi, pesa ndogo na wenzetu waliililia na walikuwa na haki ya kulia, lakini Januari 2025 intani elfu 46 walipewa kazi ya kudumu. Nafasi zile alizipata mwenye namba. Wa BOM asiye na namba alibaki anaangalia mlango ukifunguliwa na kufungwa. Tatu, hata hio BOM na praiveti zenyewe, dada wa Malindi hapo juu ameshasema, zinadai namba.

Deni usiingie kubwa. Lipa kikao kwa kikao. Chuo kikikuambia lipa mwaka mzima mbele, uliza mpango mwingine.

KijanaWaShela

Na TP je? Nitaruhusiwa nifanye skuli yangu hii hii? na ikiwa msimamizi hataki kuvuka maji?

MwalimuWaKisiwani

Chuo changu kilikubali, na vyuo vingi hukubali ukileta barua ya hedi inayosema somo lako lipo na mwalimu wa kukusimamia yupo. Omba mapema sana, mara nyingi TP inawekwa terme ya pili na ndio kusi. Msimamizi akigundua lazima apande boti anaweza kukwambia uhamie skuli ya bara. Mwandikie ratiba: maji yanajaa saa ngapi, boti inaondoka Amu saa ngapi, vipindi vyako ni vipi, atarudi saa ngapi. Mimi nilifanya hivyo nikaweka vipindi vyangu vya Kiswahili katikati ya asubuhi, msimamizi akaja akarudi siku ile ile na hakulalamika. Msiweke vipindi vya saa mbili asubuhi halafu mumtarajie mtu aliyelala Amu.

Na mafaili. Azimio la kazi, andalio la somo la kila kipindi, rekodi ya kazi, maendeleo ya wanafunzi. Wewe uliyezoea kufundisha hapa ndipo utakapokwama. Umefundisha miaka kichwani unajua unafanya nini, lakini msimamizi anataka akione kwenye karatasi, lengo ni nini na utajuaje mtoto amelifikia. Anza kuandika sasa, usingoje TP, kila jioni andalio moja tu la somo moja. Baada ya muda utaona linakusaidia wewe mwenyewe, utajua kwa nini kipindi cha jana kilienda na cha leo kimekataa.

BintiMalindi

Nikimaliza, kusajiliwa yenyewe ni kazi gani, naskia watu wanazungushwa

MwalimuWaKisiwani

Ni onlaini. Weka tayari cheti cha KCSE, cheti na transkripti za chuo, kitambulisho, PIN ya KRA (ya kodi), picha za paspoti, fomu ya daktari na cheti cha tabia njema cha DCI, polisi wa upelelezi. Hiki cha DCI ndicho kinachochelewesha, unalipa 1,050 kwa eCitizen, unapiga alama za vidole kwenye fomu ya C24, halafu unangoja. Kianze mara tu unapomaliza mtihani wa mwisho. Ada ya TSC yenyewe ni 1,055. Majina yafanane kote, sisi wa Pwani tuna tabu hii sana, KCSE umeandikwa majina mawili, kitambulisho matatu, chuo wamekosea herufi ya babako. Rekebisha chuoni ukiwa bado mwanafunzi, ukishatoka ni safari na hati za kiapo.

Na ukishasajiliwa mambo hayajaisha, kuna mafunzo ya TPD, ya kumwendeleza mwalimu akiwa kazini, yaliyozinduliwa 2021, kila mwalimu anatakiwa ayapitie.

KijanaWaShela

Basi nimeamua, naanza kikao cha Aprili inshallah. Niseme nini kwa hedi?

MwalimuWaKisiwani

Mwandikie barua wiki hii, usimwambie kwa mdomo ofisini. Taja tarehe ya kikao kuanza na kwisha, taja siku utakayoondoka, na useme mitihani ya madarasa yako utaisahihisha na kukabidhi lini. Omba jina la mwalimu wa hesabu atakaekuwa mshauri wako. Tia saini, baki na kopi yenye muhuri wa skuli, ile kopi utaihitaji tena chuoni wakati wa TP. Halafu toa kopi ya KCSE yako uende nayo chuoni mwenyewe kabla hujalipa, wakuambie kwa maandishi kwamba hesabu na fizikia yako imekubaliwa. Ukipata hio barua rudi hapa tuangalie pamoja ratiba ya vikao na kalenda ya terme.